Chembe za nano tunazovuta na hewa, na ubongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Chembe za nano ni kitu gani hasa?

Ni vipande vya maada vyenye ukubwa wa kati ya nanomita 1 na 100, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 70,000 hivi, na chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hadi 8,000, kwa hiyo chembe ya nanomita 50 ni ndogo kuliko chembe ya damu kwa zaidi ya mara mia moja. Baadhi hutengenezwa viwandani kwa makusudi, kwa mfano titani dioksidi ya kwenye rangi na vipodozi. Nyingine, ambazo kwa watu wengi ndizo nyingi zaidi, huzaliwa zenyewe kila mahali penye mwako: injini ya dizeli, jiko la kuni, sigara, jalala linaloungua, cheche za fundi wa kuchomelea.

Neno "nano" lina harufu ya maabara, na huwafanya wasomaji wengi wadhani kwamba jambo hili ni la mataifa yenye viwanda vikubwa. Ukiinua macho ndani ya jiko la kuni la kijijini utaona boriti na makuti yamepakwa masizi meusi yanayong'aa kama lami. Masizi hayo ni chembe ndogo mno za kaboni zilizogandana baada ya kukosa pa kwenda. Zilizokwisha kuingia katika mapafu ya mpishi hazikuacha alama ya kuonekana kwa macho.

Vumbi kubwa ndilo linalotukohoza. Kwa nini chembe ndogo ndiyo iogopwe?

Kikohozi ni dalili kwamba ulinzi wa mwili unafanya kazi. Vumbi la barabarani hunaswa na vinyweleo vya pua na kamasi, kisha hutolewa kwa chafya, kikohozi au kumezwa. Chembe ya nano haina uzito wa kutosha kuanguka. Inapepesuka huku na huko kwa kugongwa na molekuli za hewa, na kwa njia hiyo hufika mbali. Kwa makadirio yanayotumiwa na wataalamu wa kinga dhidi ya mionzi, karibu nusu ya chembe za nanomita 20 tunazovuta hutua kwenye vifuko vya hewa, yaani mwisho kabisa wa mapafu ambako oksijeni huingia kwenye damu. Zile ndogo zaidi, za nanomita 1 hivi, hunaswa karibu zote puani, na tutaona kwamba hata huko si mahali salama.

Jambo la pili ni eneo la uso. Chukua mchemraba wa sentimita moja kila upande: nyuso zake sita zina jumla ya sentimita 6 za mraba. Ukiukata wote kuwa michemraba midogo ya nanomita 10, uzito unabaki uleule, lakini eneo la nyuso zote kwa pamoja linafika mita 600 za mraba, yaani kubwa kuliko uwanja wa mpira wa kikapu. Kemia hutendeka juu ya uso, na uso ukiwa mpana kiasi hicho, kitu ambacho kikiwa bonge hakina madhara kinaweza kuwa kikali kikiwa unga wa nano.

Chembe hizo zinafikaje ubongoni, wakati ubongo umefungiwa ndani ya fuvu?

Zipo njia mbili za chembe yenyewe kusafiri, na ya tatu ambayo chembe haihitaji kusafiri kabisa.

Njia ya kwanza ni pua. Juu kabisa ndani ya pua kuna ngozi laini yenye neva za kunusa, na neva hizi ni za ajabu kwa sababu ncha zake ziko wazi mbele ya hewa tunayovuta, ilhali mikia yake inapita katika vitundu vya mfupa mwembamba na kuingia moja kwa moja katika sehemu ya ubongo inayopokea harufu. Katikati hapana ukuta mwingine. Wachunguzi wa polio waliigundua njia hii zamani, walipoona kwa nyani kwamba virusi, ambavyo vina ukubwa wa nanomita 30 hivi, vinaweza kupanda kwa neva ya kunusa. Mwaka 2004 Günter Oberdörster na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwavutisha panya hewa yenye chembe za kaboni za nanomita 36 hivi, zilizotengenezwa kwa aina ya kaboni ambayo ni adimu mwilini ili iweze kufuatiliwa. Kaboni hiyo ilionekana katika sehemu ya ubongo inayopokea harufu, na katika siku saba zilizofuata ikazidi kuongezeka huko.

Jaribio lililofuata, lililochapishwa mwaka 2006 na Alison Elder pamoja na kundi hilohilo, ndilo ninalopenda kuwasimulia watu wenye shaka, kwa sababu linaeleweka bila hesabu. Panya walizibwa tundu moja la pua, kisha wakavutishwa chembe za nanomita 30 za oksidi ya manganizi, ambayo ni aina ya metali. Manganizi iliongezeka katika upande mmoja tu wa sehemu ile ya ubongo, yaani upande wa tundu lililoachwa wazi. Lau chembe zingekuwa zimepitia kwenye damu, pande zote mbili zingepata sawa.

Njia ya pili ni mapafu na damu. Mwaka 2017 watafiti wa Edinburgh waliwavutisha watu 14 wenye afya chembe za dhahabu, madini yasiyodhuru kwa urahisi na ambayo kwa kawaida hayamo mwilini. Kwa baadhi yao dhahabu ilionekana kwenye damu ndani ya dakika 15, na miezi mitatu baadaye ilikuwa bado inapatikana kwenye damu na mkojo. Kinachovuka kutoka mapafuni ni sehemu ndogo sana ya kilichovutwa, na kinachofika ubongoni ni kidogo zaidi, kwa sababu mishipa ya damu ya ubongo ina ukuta wa seli zilizobanana unaochuja kwa ukali. Hata hivyo mtu huvuta hewa mchana na usiku kwa miaka sitini au themanini, na kidogo kinachorudiwa hivyo si kidogo tena.

Njia ya tatu ni ya ujumbe. Mapafu yakiudhiwa hutoa kemikali za tahadhari, na kemikali hizo husafiri kwa damu na kuuamsha ubongo hata kama hakuna chembe hata moja iliyofika huko. Watafiti kadhaa wanaona kwamba njia hii huenda ikawa na uzito kuliko zile mbili, na mimi naegemea upande wao: haitegemei chembe kuvuka ukuta wowote, na inaeleza kwa nini moyo na ubongo huathirika pamoja.

Hao walikuwa panya. Binadamu je?

Tahadhari hiyo ni ya haki. Panya hupumua kwa pua tu, na karibu nusu ya utando wa ndani ya pua yake ni wa kunusa. Kwa binadamu ni asilimia chache tu, na sisi hupumua kwa mdomo pia tunapokimbia, tunapobeba mizigo au tunapofungwa na mafua. Kwa hiyo haifai kuchukua kiasi kilichopatikana kwa panya na kukihamishia kwa mtu.

Ushahidi wa binadamu uliozungumzwa zaidi ulitoka mwaka 2016. Barbara Maher wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, na wenzake walichunguza tishu za ubongo za marehemu 37, ambao 29 walikuwa wa Jiji la Mexico, wenye umri wa miaka 3 hadi 85, na 8 wa Manchester. Walikuta chembe za magnetiti, ambayo ni oksidi ya chuma yenye sumaku. Kwamba ubongo una magnetiti halikuwa jambo jipya, kwani Joseph Kirschvink aliieleza tangu mwaka 1992, na ikadhaniwa kwamba mwili huitengeneza wenyewe. Kilichokuwa kipya ni umbo. Fuwele zinazokua ndani ya mwili huwa na pembe, ilhali nyingi za hizi zilikuwa duara, kama matone ya chuma kilichoyeyuka kikapoa ghafla, na zilifuatana na metali kama platini, nikeli na kobalti. Joto la kuyeyusha chuma halipatikani ndani ya mwili. Hupatikana kwenye injini, breki na tanuru.

Lakini kukuta kitu ubongoni na kuthibitisha kwamba kimeuharibu ubongo huo ni mambo mawili. Uchunguzi ule ulithibitisha la kwanza tu, ingawa vichwa vya habari vya siku zile viliyaunganisha yote mawili kana kwamba ni moja.

Zikishafika, zinafanya nini?

Ubongo una walinzi wake, seli ziitwazo maikroglia, ambazo kazi yake ni kumeza takataka na vijidudu. Zikimeza chembe ngumu zisizomeng'enyeka, hubaki katika hali ya hasira na kuendelea kumwaga kemikali za kupigana na adui asiyekufa. Tishu iliyo katika hali hiyo kwa muda mrefu hupata mchochota wa kudumu, na seli jirani za fahamu huumia katika vita visivyozihusu. Chembe zenye chuma huongeza tatizo lingine: chuma kikikutana na haidrojeni peroksidi, ambayo kila seli huizalisha kwa kiasi kidogo, hutoa molekuli kali zinazochoma mafuta, protini na vinasaba vya seli. Uharibifu wa namna hiyo huonekana katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa viungo, na hapo ndipo wasiwasi ulipoanzia.

Je, chembe za nano husababisha ugonjwa wa Alzheimer?

Halijathibitishwa. Kilichothibitishwa ni uhusiano kati ya hewa chafu kwa ujumla na magonjwa ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. Utafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2017 na kufuatilia wakazi wapatao milioni 6.6, ulikuta kwamba walioishi ndani ya mita 50 kutoka barabara kuu walikuwa na uwezekano wa kupata magonjwa hayo uliozidi kwa asilimia 7 ule wa walioishi zaidi ya mita 300 kutoka barabarani. Uhusiano na Parkinson haukuonekana. Mwaka 2020 jopo la jarida la kitabibu la Lancet liliiweka hewa chafu katika orodha ya vihatarishi 12 vya magonjwa hayo ambavyo jamii inaweza kuvipunguza.

Asilimia 7 inahitaji maelezo kidogo. Haina maana kwamba watu 7 kati ya 100 wanaokaa kando ya barabara wataugua. Maana yake ni kwamba, pale ambapo wangeugua watu 100, wataugua 107. Kwa mtu mmoja nyongeza hiyo ni ndogo kuliko ile ya shinikizo la damu lisilotibiwa. Kwa jiji la watu milioni kadhaa, ni wagonjwa wengi. Tena tafiti za namna hii hupima umbali kutoka barabarani au uzito wa vumbi laini, na mara chache mno zimepima chembe za nano peke yake. Barabara kuu ina kelele pia, na kelele huvuruga usingizi.

Jaribio moja la binadamu linastahili kutajwa. Katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, watu wazima 25 wenye afya walivuta moshi wa dizeli uliochanganywa na hewa kwa muda wa saa mbili, na siku nyingine hewa safi. Picha za ubongo, zilizochapishwa mwaka 2023, zilionyesha kwamba baada ya moshi mawasiliano kati ya sehemu fulani za ubongo zinazohusika na fikra na kumbukumbu yalipungua. Hawakuugua, ila ilionekana kwamba saa mbili zinatosha ubongo kujibu.

Mimi sikai kando ya barabara kuu. Napikia mkaa. Linanihusu?

Linakuhusu zaidi. Moshi wa jikoni hauendi mbali na pua ya mpishi, na mama anayepuliza kuni mbichi akiwa ameinama juu ya mafiga hupokea kwa dakika chache kiasi ambacho mtembea kwa miguu wa mjini hakipokei kwa siku nzima. Mkaa hautoi moshi mwingi wa kuonekana baada ya kukolea, jambo linalowafanya wengi waulete chumbani wakati wa baridi. Hewa ya kaboni monoksidi inayotoka hapo huua kabla chembe hazijapata nafasi ya kudhuru. Mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umelenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kwa sasa, kulitoa jiko ndani na kuliweka barazani, kukausha kuni vizuri na kuuwasha mkaa nje hadi ukolee ni hatua zisizo na gharama kubwa.

Dawa ya mbu ya kuchoma nayo imo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima aina kadhaa na kukuta kwamba kuchoma mzunguko mmoja hutoa vumbi laini sawa na sigara 75 hadi 137. Chumba kikiwa kimefungwa usiku kucha na mtoto amelala ndani, chandarua ni bora mara nyingi. Udi na ubani pia ni moshi. Sijasema viachwe, nasema dirisha lifunguliwe.

Mafundi wa kuchomelea wako katika hatari gani?

Hapa hatuzungumzi tena habari ya uwezekano. Manganizi iliyomo katika vyuma na vijiti vya kuchomelea hupaa kama moshi wa chembe ndogo mno, na sumu yake kwa ubongo imejulikana tangu mwaka 1837, John Couper alipoeleza wafanyakazi wa Glasgow waliokuwa wakisaga madini hayo: miguu ilikosa nguvu, mwendo uliyumba na sauti ilififia. Ugonjwa huo unafanana na Parkinson, ila haufuati dawa za Parkinson vizuri. Wengi wa mafundi wetu hawafikii kiwango cha wale wa Glasgow, lakini hali za kazi hazifariji. Pita katika karakana yoyote ya jua kali utamkuta kijana amevaa miwani ya jua, ameinamia geti analolichomelea, na moshi wa kijivu unapanda wima kupitia usoni mwake kabla ya kutoweka. Anachohofia ni macho, kwa kuwa macho humuuma usiku uleule.

Kusogea tu kunasaidia sana: fundi afanye kazi nje au penye upepo, asimame upande upepo unakotoka, na kichwa chake kisikae juu ya moshi. Feni ya kuusukuma moshi mbali na uso ni rahisi kuliko hospitali.

Mafuta ya kujikinga na jua, poda na rangi za ukutani?

Mafuta yanayopakwa hayana shida hii, kwa kuwa titani dioksidi haipenyi ngozi nzima isiyo na jeraha. Tofauti ni kwa vipodozi vya kupulizwa na poda, ambavyo huingia puani. Rangi ikishakauka ukutani chembe zake zimefungwa humo; hutoka ukuta unapopigwa msasa.

Na plastiki zinazosemwa zimejaa ubongoni?

Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, walitangaza kwamba wamepima plastiki katika ubongo wa marehemu, na kwamba sampuli za mwaka 2024 zilikuwa na kiasi kikubwa kuliko za mwaka 2016. Wataalamu wengine waliikosoa njia ya upimaji, kwa sababu mafuta, ambayo ubongo umejaa, yanapochomwa kwenye mtambo huweza kutoa alama zinazofanana na za plastiki. Uwepo wake ni jambo la kuaminika kuliko kiasi kilichotajwa.

Mjamzito na mtoto aliye tumboni?

Kundi la watafiti wa Hasselt, Ubelgiji, lilikuta chembe za kaboni nyeusi katika upande wa mtoto wa kondo la nyuma mwaka 2019. Mwaka 2022, wakishirikiana na wenzao wa Aberdeen, Uskoti, walizikuta katika ini, mapafu na ubongo wa vijusi vya akina mama wasiovuta sigara. Ubongo unaojengwa bado haujakamilisha ulinzi wake. Kama nyumba ina uwezo wa kumbadilishia mtu mmoja tu zamu ya jikoni, abadilishiwe mjamzito.

Barakoa inasaidia? Tundu la kitambaa si kubwa kuliko chembe?

Ni kubwa kuliko chembe, lakini barakoa nzuri haifanyi kazi kama chekeche. Chembe ndogo mno haziendi moja kwa moja. Kwa kupepesuka kwake hugonga nyuzi na kunata, na kwa sababu hiyo barakoa za daraja la N95 au FFP2 huzikamata kwa kiwango kikubwa. Udhaifu wake uko pembeni: hewa ikipita shavuni ambako haikubana, chembe hupita nayo. Ndevu hulegeza mkao wake. Khanga, leso na barakoa za kitambaa huzuia vumbi la kuonekana na kidogo sana cha hili tunalozungumza.

Programu ya simu inaonyesha hewa ya mji wangu ni nzuri. Nitulie?

Programu hizo huonyesha uzito wa vumbi laini lenye ukubwa wa hadi nanomita 2,500, ambalo Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishauri lisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo kwa mwaka. Chembe za nano hazina uzito wa kuonekana katika kipimo hicho. Huhesabiwa moja moja, na shirika hilohilo linataja chembe 10,000 katika kila sentimita ya ujazo, kwa wastani wa saa 24, kuwa ni kiwango cha juu. Hazidumu hewani kwa muda mrefu na hupungua haraka kila unapoondoka barabarani, kiasi kwamba hewa ya kituo cha mabasi na ya mtaa wa nyuma yake ni tofauti kabisa. Anayetembea au kuendesha baiskeli atafaidika kwa kupita njia za ndani.

Naweza kupimwa, au kununua dawa ya kusafisha ubongo?

Hakuna kipimo cha hospitali cha kuhesabu chembe hizi katika ubongo wa mtu aliye hai, na hakuna chai, matone wala vidonge vinavyozitoa. Anayekuuzia anauza maneno. Anayesahau kuliko kawaida, au anayetetemeka mikono, amwone daktari kwa dalili hizo zenyewe, kwa kuwa mara nyingi chanzo chake ni kingine, na baadhi ya vyanzo hivyo hutibika. Fundi wa kuchomelea ni tofauti kidogo: manganizi hupimwa kwenye damu, na ikiwa imejaa ubongoni huweza kung'aa katika picha ya MRI. Amtajie daktari kazi anayoifanya na miaka aliyoifanya kabla hajaulizwa.